17-40 au 16-35: nani kaiharibu kona ya picha yako?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Napiga picha za harusi na za hoteli hapa Unguja. Natumia Canon 6D na lenzi ya Canon EF 17-40mm f/4L, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Sasa kuna jamaa anauza EF 16-35mm f/4L IS, yenye kituliza mtikisiko, akaniazima siku moja nijaribu. Nilisimama bustani ya Forodhani saa saba mchana, nikapiga Ngome Kongwe kwa lenzi zote mbili, kamera mkononi, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, f/4. Nikizikuza picha kwenye kompyuta, katikati sioni tofauti. Ila kwenye 17-40 kona ya chini kushoto imevurugika kabisa, ya kulia ina nafuu. Kwenye 16-35 kona zote naona safi. Je, lenzi yangu ni mbovu? Niongeze hela nichukue hiyo 16-35 f/4, au nijikaze nitafute 16-35 f/2.8 kabisa?"

Marahaba. Nikupe jibu fupi kwanza, halafu tukae kitako. Kona za 16-35 f/4 ni kali kuliko za 17-40, hilo halina ubishi. Lakini picha zako za Forodhani hazitoshi kuihukumu lenzi yako, kwa sababu kona ile ya kushoto ina washukiwa zaidi ya mmoja. Ukitoa hela leo kwa ushahidi huo, huenda unalipia kosa ambalo lenzi haikulifanya. Hiyo f/2.8 nitaigusa mbele, ingawa naweza kukwambia mapema kwamba kwa kazi unazozitaja mimi nisingeihangaikia.

17-40 ilitoka mwaka 2003, na huwezi kuielewa bila kukumbuka ilizikuta kamera gani. Mwaka ule mpiga picha wa kawaida aliyeingia dijitali kwa Canon alishika 10D au 300D: pikseli milioni 6.3 na sensa ndogo. (Sensa ya kamera, si ile ya kuhesabu watu.) Kwenye sensa ndogo ya Canon, kutoka katikati mpaka kona ni kama milimita 13 na nusu tu. Kwenye 6D yako, ambayo ni fremu kamili, yaani sensa kubwa, ni milimita 21.6. Wengi walioimwagia sifa 17-40 miaka ile walikuwa wanakula nyama ya katikati; kwenye mifupa kamera yao ilikuwa inawakatia. Wewe umeifunga lenzi ileile kwenye sensa inayofika mpaka mwisho wa sahani, tena yenye pikseli milioni 20.2. Mbio zake za sakafuni unaziona zinavyoishia ukingoni.

16-35 f/4L IS ilikuja mwaka 2014, miaka 11 baadaye, wakati fremu kamili imeshakuwa kitu cha mtaani na kelele za kona laini zimewafikia wenye kiwanda. Ndani yake kuna vioo 16 katika makundi 12. 17-40 ina vioo 12 katika makundi 9. Wingi wa vioo peke yake si sifa, ila hapa nyingi ya kazi ya vile vya ziada inaonekana pembeni. Mwanga unaotua katikati ya picha huingia karibu umenyooka, na lenzi yoyote ya heshima inauweza. Mwanga wa kona, kwenye 17mm, unaingia ukiwa umelala zaidi ya digrii 50 kutoka mstari wa katikati, na lazima upindwe mpaka utue mahali pake kwenye sensa. Nyekundu inapindika tofauti na bluu, ndipo unapoona utepe wa zambarau na kijani kwenye ukingo wa dirisha. Miale iliyopita kwenye ukingo wa kioo haikutani na ile iliyopita katikati, ndipo taa ndogo ya mbali inapogeuka kuwa kitu chenye mkia. Ukifunga tundu la lenzi unaizuia hiyo miale ya ukingoni. Ndiyo maana kona hupona ukitoka f/4 kwenda f/8 (namba ikikua, tundu linapungua) ingawa kioo ni kilekile.

Kwa uzoefu wangu wa lenzi hizi mbili, kwenye fremu kamili, ziko hivi. Zikiwa 17mm na f/4, kona za 17-40 ni kama zimepakwa mafuta ya nazi, wakati 16-35 tayari inakupa kona ya kumpelekea mteja. Kwenye f/5.6 ile 17-40 bado inasuasua. Kwenye f/8 imeamka: pembeni pamekaza, zile ncha za mwisho kabisa tu ndizo zinazochechemea. Kwenye f/11 itabidi uziweke picha mbili ubavu kwa ubavu na ujue unachokitafuta. Ukizungusha mpaka 24 au 28 tofauti inapungua tena. Na katikati ya picha hakuna cha kugombania, kama ulivyoona mwenyewe. Kwa pikseli za 6D, katikati ni droo.

Sasa tuingie Forodhani. Mkono wako siulaumu. Jua la saa saba, f/4, ISO 100 (ISO ni unyeti wa sensa): shata yako ilikuwa kwenye 1/1600 ya sekunde hivi, na kwa lenzi pana mtikisiko wa mkono hauonekani hapo. Nina wasiwasi na mambo mengine.

La kwanza, kona ya chini kushoto ilikuwa na nini? Si ukuta wa ngome. Ukisimama bustanini na lenzi ya 17mm, kona za chini zinabeba majani, sakafu, pengine mguu wa benchi, vitu vilivyo mita mbili au tatu kutoka miguuni pako. Fokasi yako ilikuwa kwenye ukuta, mbali. Watu husema lenzi pana "inashika kila kitu", na kwa picha ndogo ya kwenye simu ni kweli. Ukikuza mpaka pikseli moja ionekane moja kwenye skrini, mambo hubadilika: kwa 17mm na f/4, ukifokasi ukuta wa mbali, kitu chochote kilicho karibu kuliko mita tano hivi kinaanza kulegea. Kwa hiyo nusu ya ule uchafu wa kona yaweza kuwa majani yaliyo nje ya fokasi, wala si udhaifu wa kioo. Fungua picha zako uangalie. Kama uliielekeza kamera kidogo tu tofauti ulipobadilisha lenzi, basi kona ya 16-35 ilikuwa na kitu cha mbali zaidi, ukawa unalinganisha majani na ukuta. Halafu kagua zile milimita za lenzi zilizorekodiwa kwenye taarifa za faili. Nina hakika moja ni 17 na nyingine ni 16.

La pili, fokasi yenyewe. Ukifokasi kwa kuchungulia kwenye kioo cha juu, 6D hutumia kipimo kilicho pembeni ya njia ya mwanga, na kipimo hicho kinaweza kupishana kidogo na lenzi moja kisipishane na nyingine. Kamera ikidhani ukuta uko karibu kidogo kuliko ulipo, katikati utaona bado kuzuri, lakini kona dhaifu ndiyo itakayolia kwanza.

La tatu ni tabia ya kuzaliwa ya 17-40 ambayo wengi huichanganya na ubovu. Eneo lake la fokasi si bapa kama ubao. Limepinda, kama sinia lililotumika sana. Ukiiweka katikati sawasawa kwenye ukuta, kona zinakuwa zimefokasi umbali mwingine. Katika kona hiyo ukali upo, ila umeangukia mahali ambapo huna kitu cha kupiga.

Na la nne ndilo unaloliogopa: kioo kimoja ndani kimekaa upande. Lenzi ikianguka, au ikifunguliwa na fundi kisha ikarudishwa kwa kubahatisha, au hata ikitoka kiwandani hivyo, kioo kinaweza kuinama kidogo sana, na matokeo yake upande mmoja wa picha ukawa laini na mwingine mkali. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya LensRentals huko Marekani, amepima nakala nyingi za lenzi za aina moja na kuonyesha wazi kwamba hazifanani. Kumbuka hilo unaposoma michoro ya ukali inayotolewa na watengenezaji, ile yenye mistari 10 na 30 kwa milimita. Canon kwa miaka mingi wameichora kwa hesabu za muundo wa lenzi, na wewe hununui muundo. Unanunua nakala moja iliyokwishapita mikononi mwa watu.

Utawatenganishaje washukiwa wanne? Anza na dalili uliyoitaja mwenyewe: kushoto kubaya, kulia afadhali. Udhaifu wa kuzaliwa, pamoja na lile sinia lililopinda, huwa sawa pande zote. Kushoto na kulia vikitofautiana, ama kuna kioo kilichoinama, ama kulikuwa na kitu karibu upande ule. Bado mambo mawili, na yanatenganishika kwa kazi ya nusu saa.

Wengi watakwambia upige picha ukuta. Mimi nimeacha, na nikwambie kwa nini. Miaka ya nyuma nilijaribu lenzi kwenye ukuta wa bloku usiopigwa lipu, mita mbili kutoka kwenye kamera. Nilikuwa na pima maji juu ya kamera, nikajiona fundi. Upande wa kulia ulitoka laini, nikairudisha lenzi dukani kwa maneno makali. Muuzaji akanipa nyingine, nayo ikawa laini kulekule. Ya tatu hivyo hivyo. Ndipo nilipochukua futi kamba nikapima kutoka kwenye kamera mpaka ncha mbili za ukuta: kulia palikuwa mbali kuliko kushoto kwa karibu shubiri nzima. Pima maji hukwambia kama kamera imelala sawa na ardhi. Haikwambii kama imeukabili ukuta uso kwa uso. Lenzi zote tatu zilikuwa nzima. Nilirudi kuomba radhi, na ilikuwa aibu.

Tumia mnara wa simu. Unguja ipo minara ya vyuma vilivyopishana, na hiyo ni zawadi kwa mpima lenzi, kwa kuwa ina mistari myembamba ya kila upande na anga tupu nyuma yake. Tafuta ulio mita 200 au zaidi kutoka unaposimama. Mnara wa mita 30 kwa umbali huo, kwa 17mm, utachukua pikseli karibu 390 za kimo kwenye 6D. Ni mdogo kwenye picha, lakini unatosha kusoma kila chuma. Nenda asubuhi mapema. Saa saba, juu ya mabati na lami, hewa inachemka na hakuna lenzi duniani itakayokaza. Usitoke moja kwa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi au gari lenye ubaridi. Huku kwetu pwani kioo cha mbele hushika ukungu papo hapo, na nimeshaona mtu akiilaani lenzi kumbe anaangalia jasho la kioo. Ile filta ya ulinzi ivue.

Weka kamera kwenye tripodi. Washa skrini ya nyuma, uweke mnara katikati, kuza mara 10, zima fokasi ya otomatiki, uzungushe pete kwa mkono polepole mpaka chuma kikaze. Bana pete kwa seloteipu isijisogeze. Piga kwa taima ya sekunde mbili, f/4, faili za RAW (ghafi, zisizochakatwa na kamera). Kisha, bila kugusa fokasi, geuza kichwa cha tripodi mpaka mnara uingie kona ya juu kushoto, piga. Juu kulia, piga. Chini kulia, chini kushoto. Picha tano. Rudia zoezi zima mara tatu, kila mara ukifokasi upya, maana mkono hukosea na picha moja haina ushahidi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kitu kilichopigwa ni kilekile, kiko umbali uleule, na hakuna ukuta wa kunyoosha. Kona zote nne za 17-40 zitatoka laini kwa f/4, usishtuke. Wewe linganisha kona na kona. Zikiwa laini kwa kiasi kimoja, lenzi yako ni nzima, ina tabia yake tu. Ya chini kushoto ikiwa imevurugika na ile ya mshazari wake juu kulia imekaza, na ikajirudia hivyo mara zote tatu, basi kioo kimeinama. Mnara utaonekana umevutwa kama mpira kwenye kona, na hilo ndivyo lenzi pana inavyochora. Litajitokeza kwenye 16-35 pia.

Ukishamaliza hapo, uweke mnara kwenye kona ile inayokusumbua, ufokasi hapohapo kwenye kona, upige. Ikikaza vizuri na katikati ikalegea, umeliona lile sinia kwa macho yako. Hiyo ni habari njema, kwa sababu sinia lina dawa: funga mpaka f/8 au f/11, au usifokasi katikati kabisa bali theluthi ya njia kuelekea pembeni. Ikikataa kukaza hata ukifokasi juu yake, dawa hiyo haisaidii.

Neno moja kuhusu kufunga tundu, kwa kuwa najua utashawishika kwenda f/22 ukidhani ukali unaendelea kupanda. Hauendelei. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo huchanua, na nukta ikawa duara. Kwenye f/8 duara hilo lina upana wa kama maikromita 10.7. Pikseli ya 6D ina 6.6, kwa hiyo hakuna kinachoonekana. Kwenye f/22 duara linafika 29.5, yaani limefunika pikseli zaidi ya nne, na picha nzima inalainika, katikati kwenyewe kukiwemo. Utakuwa umeiponya kona kwa kuwagonjesha wote. Mimi kwa 17-40 husimama f/11.

Sasa kuhusu kazi zako, maana lenzi hainunuliwi kwa ajili ya minara.

Picha za hoteli. Chumba, kitanda chenye neti, dirisha la kuchonga, ua wenye chemchemi. Hapa kona ina kazi: mguu wa kitanda, ukingo wa pazia, mistari ya vigae. Lakini hapa pia una tripodi, una muda, na hakuna anayetembea. f/8, ISO 100, sekunde mbili, na 17-40 iliyo nzima inakupa picha ambayo ikipunguzwa mpaka upana wa pikseli 2000 kwa ajili ya tovuti ya hoteli, sijui mteja gani ataikataa. Faili yako ina upana wa pikseli 5472. Ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inakaribia sentimita 46, kubwa kuliko A3. Ni kwenye karatasi ya ukubwa huo, mtu akiisogelea kwa pua, ndipo ncha za kona za 17-40 zitakapojulikana. Ule utepe wa rangi unaondoka kwa kubofya mara moja kwenye DPP, programu ya bure ya Canon, na ukiondoka kona inaonekana imekaza kidogo.

16-35 inakuacha mbali pale usipokuwa na tripodi. Jioni juu ya paa, taa zimewashwa, anga imeanza kuwa samawati, meneja anakuharakisha na wageni wanapita. Kile kituliza mtikisiko chake Canon wanakihesabu stopu nne (kila stopu ni kuongeza muda wa shata mara mbili). Mimi nimeshashika robo ya sekunde mkononi kwa 16mm nikapata picha safi, ingawa si kila mara. Piga tano uchague moja. Kwa 17-40 hapo ungepandisha ISO mpaka chembechembe zikale ukali wote uliokuwa unaugombania. Ongeza kwamba 16-35 unaitumia f/4 bila kuogopa kona, na tofauti ya jioni hiyo inakuwa kubwa kuliko mchoro wowote utakavyokuonyesha. Ukirudi kwenye tripodi, kituliza hicho kizime.

Pia kuna ile milimita moja. Ukiwa mita tano kutoka ukutani, 17mm inabeba upana wa mita 10.6 na 16mm inabeba 11.25. Sentimita 66 zaidi. Kwenye vyumba vya Mji Mkongwe ambavyo mgongo wako umeshagusa mlango, sentimita 66 ni kabati zima.

Harusi ni hadithi nyingine. Kituliza mtikisiko hakimzuii bibi arusi kutembea wala shangazi kucheza. Hao wanataka shata ya haraka au flashi. Na picha ya ukoo mzima, watu 30 kwenye ngazi, usiipige kwa 17mm hata ukipewa lenzi ya dhahabu. Wale wa mwisho kulia na kushoto watatoka na vichwa vimevutwa kama maembe, na hiyo haitokani na ukosefu wa ukali: lenzi yoyote pana inayonyoosha mistari lazima ivute pembeni. Rudi nyuma, tumia 28 au 35, f/8. Hapo lenzi zote mbili zinafanana vya kutosha, na shangazi atabaki kuwa rafiki yako.

Ile f/2.8 nilisema nitaigusa. Ziko za vizazi vitatu: 2001, 2007 na 2016. Mbili za mwanzo kwenye kona hazikupi cha maana kuizidi f/4 hii, kwa hiyo ukiona moja inauzwa kwa bei ya kukutamanisha, jua sababu. Ya tatu ni kali kwelikweli, lakini ina gramu 790, haina kituliza mtikisiko, na filta zake ni za milimita 82, maana yake filta zako za 77 utaziweka kabatini. 16-35 f/4 inachukua 77 hizohizo. Anayepiga nyota usiku au mikutano gizani ana haki ya kuitaka. Wewe si yeye.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, kesho asubuhi ningeenda kwenye mnara. 17-40 ikikutwa imeinama, sishauri uipeleke kwa fundi wa kawaida. Kunyoosha kioo kunahitaji vifaa vya kupimia ambavyo wengi hawana, na unaweza kurudishiwa imeharibika zaidi. Iuze kwa kusema ukweli. Mwenye kamera ya sensa ndogo anaweza asiione kasoro hiyo kabisa, na bei ishuke ipasavyo. Kisha chukua 16-35. Ikikutwa nzima, jiulize hela inatoka wapi. Kama zaidi ya nusu ya kipato chako ni hoteli, bado ningechukua 16-35 f/4, kwa ajili ya zile jioni za paani. Kama ni harusi zaidi, baki na uliyonayo na hela iingie kwenye flashi ya pili.

Vyovyote iwavyo, usilipe kabla lenzi ya huyo jamaa haijapita kwenye mnara uleule, kwa picha zilezile tano mara tatu. Nakala ya 16-35 nayo inaweza kuwa imeanguka. Kona zake ulizoziona "safi" Forodhani hazijapimwa kwa kitu kimoja katika kila kona. Nenda na kadi yako, si yake. Halafu, ukiwa kivulini, fungua vifuniko vya mbele na nyuma, washa tochi ya simu, uimulike lenzi kutoka nyuma huku ukichungulia kwa mbele kwa mshazari. Vumbi chembe mbili tatu lisikutishe. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, nyeupe au kijivu, mara nyingi zimeanzia ukingoni mwa kioo. Ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani lenzi iliyokaa kwenye begi miezi mingi huipata kirahisi. Ukiiona, mrudishie lenzi yake na umshukuru, hata akipunguza bei mara mbili.